Bomba la kebo za projekta ndani ya slabu: upana gani unafaa?

Mwenye_Nyumba

Habari zenu wataalamu. Ninajenga chumba cha kutazamia filamu, na zege la slabu litamwagwa karibuni. Projekta itafungwa darini, na rafu ya vifaa itakaa kwenye ukuta wa nyuma. Nikiifuata njia ya bomba, umbali ni kama mita 12 na kuna kona tatu. Fundi umeme ameshatandika bomba la milimita 25 lenye viwiko vya kawaida, akisema kebo ya HDMI, ile inayopeleka picha na sauti, ni nyembamba na itapita bila shida. Waya wenyewe naona unapita, lakini kichwa chake kinanitia shaka. Naomba ushauri kuhusu upana wa bomba, aina ya kebo, na iwapo waya wa umeme wa projekta unaweza kupita humo humo.

Fundi_Nyaya

Shaka yako ina msingi, ndugu yangu, na ni heri umeuliza kabla zege halijamwagwa. Bomba la kazi hii hupimwa kwa kichwa cha kebo. Sehemu ya chuma ya HDMI ya kawaida ina upana wa karibu milimita 14, na ganda la plastiki linaloishikilia mara nyingi hufikia milimita 20 hivi. Bomba la milimita 25 limepimwa kwa nje, hivyo ndani hubaki milimita 21 au 22, na kwa kuwa kichwa hicho ni kigumu na hakipindi, kitasukumika vizuri kwenye sehemu iliyonyooka kisha kikwame kwenye kiwiko cha kwanza. Ukivuta kwa nguvu hapo, utang'oa nyaya ndani ya kichwa huku nje kebo ikionekana nzima.

Ng'oa viwiko vyote vitatu uweke kona za mviringo mpana, na bomba lisipungue milimita 40. Kanuni ya mafundi wengi ni kwamba jumla ya kona kati ya tundu moja la kuvutia na jingine isizidi digrii 360. Zako ni 270, kwa hiyo hakuna haja ya kuweka boksi katikati.

Umeme wa projekta upewe bomba lake. Waya ukikwaruzwa wakati wa kuvuta, umeme wa nyumba unaweza kufika kwenye kebo ya picha na kwenye vifaa vyote vilivyounganishwa nayo, na hilo ni hatari kwa maisha ya watu.

Picha_Safi

Naongezea upande wa kebo. Picha ya 4K, yaani ya ubora wa juu sana, ya fremu 60 kwa sekunde, rangi zikiwa kamili, huhitaji takribani gigabiti 18 kwa sekunde. Kwa mzigo huo kebo ya shaba isiyo na kikuza mawimbi huanza kuyumba ikipita mita 5 hadi 7: skrini hupotea sekunde chache na kurudi, au vidoti vyeupe vinametameta juu ya picha. Kwa mita 12 ningechukua HDMI ya faiba, inayopeleka picha kwa mwanga badala ya shaba, bila kusitasita.

Kebo hiyo ina mwelekeo. Ncha moja imeandikwa kuwa ni ya chanzo na nyingine ya skrini, na ukiivuta kinyume hutapata picha kabisa. Itandaze sakafuni, iunganishe na projekta na kifaa chako, uangalie filamu nzima, ndipo uivute. Ziko pia zenye vichwa vidogo vinavyofungwa adapta baada ya kebo kupita, nazo hurahisisha sana kazi.

Nisipokubaliana na wengi ni hapa: msiiamini kebo moja pekee. Elektroniki zilizomo vichwani mwake hufa, na viwango hubadilika, HDMI 2.0 ilitoka mwaka 2013, na ilipofika 2017 toleo la 2.1 likapandisha kasi hadi gigabiti 48. Vuta pamoja nayo nyaya mbili za mtandao, aina ya Cat6, kisha acha humo kamba ya nailoni ya kuvutia kebo ijayo.

Mwenye_Nyumba

Nawashukuru sana. Nimemfikishia mhandisi habari ya bomba la milimita 40, naye ameuliza kama slabu ya milimita 150 italistahimili.

Fundi_Nyaya

Neno la mwisho ni la mhandisi wako, kwa sababu yeye ndiye anayejua nondo zilivyopangwa. Kanuni inayotumika sana ni kwamba upana wa nje wa bomba usizidi theluthi moja ya unene wa slabu, yaani milimita 50 kwa slabu yako, na bomba lilale katikati, kati ya nondo za chini na za juu. Lile la umeme lipite mbali kidogo na hili, yasilale yakigusana, ili zege liingie vizuri kati yake.

Kabla ya kumwaga, kwangua makali ya ndani kila bomba lilipokatwa, gundisha maungio yote na uzibe ncha zote mbili kwa vifuniko, maana uji wa saruji ukiingia na kuganda hakuna kamba itakayopita tena. Kamba ipitishe sasa hivi: funga kipande cha mfuko wa plastiki kwenye uzi mwepesi, weka mashine ya kufyonza vumbi upande wa pili, na uzi utafika wenyewe, kisha utumie uzi huo kuvutia kamba imara.

Mwenye_Nyumba

Mhandisi ameridhia milimita 40. Viwiko vinang'olewa kesho.