Naomba ushauri: mtindi wa probayotiki, niingie au nisubiri?

Habari zenu ndugu zangu. Nauza mtindi hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Maziwa nanunua kwa akina mama wa Kibosho, nachemsha, naacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, natia mtindi wa jana kidogo, asubuhi yameganda. Siku hizi wateja wananiuliza kama mtindi wangu una bakteria wazuri wa tumbo, hasa wanaotoka kumaliza dozi ya antibayotiki.

Sitaki kumdanganya mtu. FAO na WHO, mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa, walishaeleza mwaka 2001 kwamba probayotiki ni vijidudu hai vinavyoleta faida ya kiafya vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha. Mtindi wangu una vijidudu hai, sawa, lakini ni vya aina gani, na vinatosha? Kule Mwanza akina mama walianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, aina ya bakteria wa probayotiki, kwa hiyo najua inawezekana kwa jiko dogo.

Chachu ya namna hiyo naipata wapi Arusha au Moshi, na umeme ukikatika inahimili? TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wanataka vipimo gani kabla sijaandika neno probayotiki kwenye lebo? Nafikiria pia unga wa ndizi mbichi, maana wanga wake sugu, yaani ule usiomeng'enywa kirahisi, ni chakula cha bakteria wazuri wa tumbo. Shida ni kwamba ukiupika wanga huo unapungua sana, na kuutia mbichi naogopa uchafu. Aliyewahi kujaribu alifanyaje? Mwenye uzoefu wa lebo naomba anijibu kwanza, hapo ndipo nimekwama.