Windows na Linux kwenye laptopu moja: kugawa diski, diski mbili, mashine pepe au WSL?

Binti_Tudor

Assalaam aleikum jamani. Naomba tulinganishe njia za kuweka Windows na Linux kwenye laptopu moja, kwa mtu ambaye laptopu hiyo ndiyo ya kazi na ndiyo ya masomo.

Mashine yangu ni HP EliteBook 840 G3, ex-UK (mtumba wa Uingereza), nimeinunua Digo Road, Mombasa. Core i5 kizazi cha 6, RAM GB 8, SSD ya M.2 (diski bapa ya kuchomeka kwenye ubao mama) ya GB 256 iliyojaa nusu, Windows 10. Mchana niko ofisi ya uwakala wa forodha: Excel tangu asubuhi, na ile fomu ya kodi ya iTax yenye makro inayotaka Excel yenyewe. Jioni nasoma mitandao ya kompyuta Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), na mazoezi yote ni ya Linux.

Nimeshaambiwa nigawe diski, nimeambiwa VirtualBox (programu ya mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), nimeambiwa Windows siku hizi ina Linux ndani yake (WSL). Najua zote zinawezekana. Swali langu ni hili: mambo yakiharibika usiku, na asubuhi meli imefunga gati na makaratasi ya mzigo yanangojewa, njia ipi itaniacha na Windows inayowaka?

Fundi_Kongowea

Waleikum salaam dada. Kwa swali ulivyoliuliza, jibu langu ni diski mbili, na bahati nzuri mashine yako inakubali. 840 G3 ina nafasi ya M.2 na pia nafasi ya diski ya inchi 2.5. Windows ibaki ilipo, Linux iende kwenye SSD ya SATA, ile ya inchi 2.5. GB 120 yatosha, 240 ni raha.

Mifumo miwili kwenye diski moja hugawana partisheni (kipande cha diski) ndogo iitwayo EFI, ambamo kila mfumo huweka faili zake za kuwashia. Ni nyumba mbili zenye lango moja. Windows huiumba kwa MB 100 tu. Mtu akifuta asichokijua hapo, wote wawili hubaki nje. Ukiwa na diski mbili, kila moja na EFI yake, Linux ikifa unawasha HP, unabonyeza F9, unachagua diski ya Windows, kazi inaendelea. Hata ukiichomoa diski ya Linux kabisa, Windows haina habari.

Lakini usiruke hili: wakati wa kusakinisha Linux, chomoa M.2 kwanza. Kisakinishi cha Ubuntu (aina moja ya Linux) kwa miaka mingi kimekuwa na tabia ya kuandika GRUB (kipakizi cha Linux chenye menyu ya kuchagua mfumo) kwenye EFI ya diski ya kwanza kinayoikuta, hata kama umechagua diski nyingine. Ikitokea hivyo, faida yote ya diski mbili imekwenda. Maliza kusakinisha ndipo uirudishe M.2.

Na kabla hujanunua SSD, fungua mfuniko utazame kama mkanda mwembamba wa SATA na fremu ya kushikia diski vimo. Mashine za mtumba zilizokuja na M.2 peke yake huweza kukosa vyote viwili, na mkanda ni lazima uwe wa modeli hiyo hiyo.

Kijana_wa_Likoni

Fundi, kwa heshima zote, hapa napingana nawe kidogo. Diski moja si hatari kiasi hicho mtu akifuata utaratibu, na si kila mmoja ana pesa ya SSD ya pili. Mimi natumia Windows na Mint (aina nyingine ya Linux) kwenye diski moja, na wenzangu wengi nimewawekea hivyo hivyo.

Windows huwa ya kwanza kuwekwa, Linux ya pili. Ukigeuza, Windows itajiweka mbele na GRUB hutaiona mpaka uirudishe kwa mkono.

Kisha angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows). Kama imefungwa, tafuta ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 na uuandike karatasini, kwani ukigusa mipangilio ya Secure Boot (ulinzi unaokubali vipakizi vilivyoidhinishwa tu), Windows inaweza kuuomba papo hapo. Wengi hawajui kwamba diski zao zimefungwa, hasa wenye mashine mpya walioingia kwa akaunti ya Microsoft.

Halafu zima Fast Startup (uwashaji wa haraka wa Windows). Hii ndiyo inayosumbua watu kuliko zote. Windows ikiwa na Fast Startup, ukiizima haizimiki kabisa, keneli (kiini cha mfumo) yake hulazwa kwenye diski. Ukiingia Linux, partisheni ya Windows itafunguka kwa kusoma tu au itakataa kabisa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Unapata na GB kadhaa za ziada, kwa sababu faili ya kulazia inaondoka.

Partisheni ya Windows ipunguzwe ukiwa ndani ya Windows, kwa Disk Management. Ikikuambia inaweza kuachia nafasi ndogo tu ilhali nusu ya diski ni tupu, zinazozuia ni faili zisizohamishika: pagefile, faili ya kulazia, nukta za kurejesha mfumo. Zizime kwa muda, washa upya, jaribu tena. Na adapta iwe imechomekwa, betri imejaa. Stima ikipotea katikati ya kazi ile, betri chovu ya ex-UK haitakungoja.

Kwa GB 256 iliyojaa nusu, mpe Mint GB 50 au 60. Kima chake cha chini ni GB 20, lakini hapo utabanwa mapema.

Bi_Changamwe

Mbona mnamtuma mbali hivyo? Kuna WSL. Andika `wsl --install`, washa upya, Ubuntu hiyo hapo. Excel iko wazi upande mmoja, terminali ya Linux upande wa pili, hakuna kuzima na kuwasha. WSL 2 inaendesha keneli halisi ya Linux, si maigizo. Mimi naandika programu na ndiyo ninayoitumia kutwa.

Mambo mawili ya kuangalia. Faili za kazi ziweke ndani ya folda yako ya Linux, usifanyie kazi chini ya `/mnt/c`, kule ni polepole sana. Pili, WSL 2 inaruhusiwa kula hadi nusu ya RAM. Kwa GB 8 utaisikia. Tengeneza faili ya `.wslconfig` kwenye folda yako ya Windows, uweke `memory=3GB` chini ya `[wsl2]`.

Mwalimu_wa_Maabara

Bi Changamwe, kwa kuandika programu naafiki kabisa. Kwa somo la mitandao, WSL inaishia njiani. Iko nyuma ya NAT ya Windows (inatoka mtandaoni kwa anwani ya Windows), kadi ya Wi-Fi haioni kama kadi, na kifaa cha USB hakiingii mpaka upitie programu ya usbipd. Mwanafunzi wa mitandao anatakiwa aione kadi, aipe anwani, aiangushe na kuiinua mwenyewe.

Kwa somo hili nashauri mashine pepe, na sababu yangu si usalama tu. Kwenye VirtualBox binti yetu anaweza kuumba mashine tatu: moja iwe ruta yenye kadi mbili, nyingine mbili ziwe wateja kwenye mitandao tofauti ya ndani. Hapo ndipo mtu anaelewa njia za pakiti, DHCP (ugawaji wa anwani za mtandao) na ngome ya moto (firewall). Laptopu yenye mifumo miwili ina Linux moja tu ikiwa imewaka. Utafanya mazoezi ya mtandao na nani? Debian (aina nyingine ya Linux) isiyo na eneokazi inaridhika na MB 512 za RAM, kwa hiyo mashine tatu zinaenea ndani ya GB 8 ukifunga kivinjari.

Tena kabla ya kila zoezi unachukua snapshot, ile picha ya hali ya mashine. Ukivuruga mipangilio, unarudi ulipokuwa kwa dakika moja. Na Windows yako haijaguswa hata partisheni moja, maana Linux nzima ni faili tu kwenye diski.

Kwanza ingia BIOS (mipangilio ya kuwashia ya kompyuta) kwa F10 uhakikishe VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, imewashwa. Na chunguza jambo moja: ukiwa umeshaweka WSL 2 kwenye mashine hiyo hiyo, VirtualBox italazimika kupitia Hyper-V (mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe), itakuwa nzito, na chini ya dirisha utaona kobe wa kijani. Chagua moja kati ya hizo mbili.

Fundi_Kongowea

Mwalimu amenipa la kufikiri kuhusu zile mashine tatu. Basi pesa ya kwanza iende kwenye RAM badala ya SSD. 840 G3 ina nafasi mbili za DDR4 na inakubali hadi GB 32. Kama GB 8 zake ni kijiti kimoja, anaongeza cha pili cha GB 8 na mchezo unabadilika.

Ila kwa Kijana: umesema diski moja si hatari. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows liliwazuia watu wengi wenye mifumo miwili kuingia Linux, skrini ikawaandikia kosa la SBAT. Utaratibu wako wote ungefuatwa na bado lingewapata.

Mwalimu_wa_Maabara

Fundi, tuwe waadilifu kwa pande zote. Lile sasisho liliandika kwenye kumbukumbu ya UEFI yenyewe (programu ya kuwashia iliyo kwenye ubao mama), si kwenye diski, kwamba vipakizi vya Linux vya zamani visikubaliwe chini ya Secure Boot. Kwa hiyo mwenye diski mbili pia liliweza kumpata. Lililobaki salama kwa wote ni Windows, na hilo ndilo aliloliuliza dada. Tiba ilikuwa kuzima Secure Boot kwa muda na kusasisha Linux.

Mzee_Nyali

Wanangu, mmesahau kitu kikubwa. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha kwa sasisho za ziada za usalama wana hadi 13 Oktoba 2026. Na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, huyu ana kizazi cha 6. Mnamjengea nyumba juu ya Windows isiyo na maisha marefu. Kwa nini asigeuze, Linux iwe mwenyeji na Windows iwe ndani ya mashine pepe kwa ajili ya Excel tu?

Kijana_wa_Likoni

Mzee wetu, wazo ni zuri na mbele ya safari huenda ndilo litakalobaki. Kizuizi ni leseni: ile iliyokuja na laptopu ni ya laptopu, Windows ya ndani ya mashine pepe itahitaji yake. Na mtu ambaye mkate wake ni Excel asibadilishe sakafu yote kwa mpigo katikati ya muhula. Ajiandikishe kwa zile sasisho za ziada leo, apate muda wa kuizoea Linux.

Binti_Tudor

Nawashukuru sana, nimesoma kila neno. Shukrani Mzee, kujiandikisha nitafanya leo usiku.

Naona naanza na VirtualBox, niongeze RAM, na SSD ya pili nije nayo baadaye, kwa sababu mwalimu wetu ametuambia muhula ujao tutasakinisha Linux kwenye mashine halisi. Maswali mawili. Wenzangu wenye mifumo miwili wanasema saa zao zinaruka kila wakibadilisha mfumo. Hilo linatoka wapi? Na muhula ukiisha nikitaka kuiondoa Linux, naiondoaje bila kuiua Windows?

Mwalimu_wa_Maabara

La saa: Windows huchukulia kwamba saa ya ubao mama ni saa ya hapa, Linux huichukulia kuwa UTC. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo ukitoka Linux ukaingia Windows saa nne asubuhi, itakuonyesha saa moja. Kwa mtu wa ofisi yako hilo si dogo, maana tarehe na saa za faili zitapotoka. Ukiwa Linux andika `timedatectl set-local-rtc 1`. Linux yenyewe itakuonya usifanye hivyo kwa sababu ya nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka. Kenya haisogezi, onyo hilo halitugusi.

Fundi_Kongowea

La kuondoa: ukiwa na diski mbili, unaichomoa tu. Kwa diski moja, fuata mpangilio. Anza kwa kuingia BIOS uweke Windows Boot Manager juu ya orodha, uzime na kuwasha uhakikishe inaingia Windows yenyewe bila GRUB. Hapo ndipo ufute partisheni za Linux. Wanaoanza kwa kufuta ndio wanaokutana na skrini nyeusi ya GRUB.

Na ikiwa ni kinyume chake, GRUB ipo lakini Windows haimo kwenye orodha, usidhani imefutika. Kuanzia GRUB 2.06 kutafuta mifumo mingine kumezimwa kwa chaguo-msingi. Fungua `/etc/default/grub`, ongeza `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, kisha `sudo update-grub`.

Kijana_wa_Likoni

Dada, kabla ya kununua SSD, ijaribu Linux kwa flashi kwanza. Weka Ventoy (programu ya kuwashia kwa flashi) kwenye flashi ya GB 16, halafu unakili faili za ISO (picha za kisakinishi) humo kama unavyonakili nyimbo, unaziweka hata tatu. Mint ni karibu GB 3, Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, kwa hiyo zipakue kwa Wi-Fi ya chuo, usimalize bando. Linganisha namba ya SHA256 (alama ya uhakiki wa faili) na ile ya tovuti yao kabla ya kuitumia. Washa kwa F9, chagua flashi, kisha ukague Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini na kama inalala na kuamka vizuri ukifunga mfuniko. Vikifanya kazi kwenye flashi, kwa kawaida vitafanya kazi kwenye diski. Ukiwa huna flashi ya ukubwa huo, niandikie kando, niko ng'ambo ya feri lakini kila Jumamosi nashuka mjini.