Tupeane uzoefu: somo la nje lenye kipimo, si matembezi

Mwanzilishi, Nakuru
Walimu na wazazi, basi la kwenda Ziwa Nakuru ni ghali, na mara nyingi watoto hurudi na picha za nyani tu. Kutoka nje kunafunza mtoto akipewa kitu cha kupima. Leteni masomo yenu: vifaa, vipimo, na panapoharibika.

Mwalimu wa Sayansi, Maseno
Ikweta inapita hapa, itumieni. Simamisha kijiti chenye urefu wa mita 1 kwenye uwanja tambarare, ukihakikishe kwa timazi (uzi na nati nzito vinatosha). Kuanzia saa sita hadi saa saba na robo, watoto waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila dakika 10.

Wengi watatarajia kivuli kifupi kabisa saa sita kamili. Wapi! Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya 45, upande wa Mogadishu, na Maseno iko karibu na 34.6. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo adhuhuri ya kweli (jua likiwa juu kabisa) huchelewa dakika 40 hivi, ikipishana hadi robo saa kulingana na mwezi. Waache wabishane kwanza, ndipo uwaeleze. Mwishoni mwa Juni kivuli hicho hulala kusini, kama sentimita 43. Mwishoni mwa Desemba hulala kaskazini, urefu uleule. Karibu na Machi 21 na Septemba 23 hukaribia kutoweka. Kijiti kikiinama digrii 5 tu, ncha ya kivuli husogea karibu sentimita 9, na hesabu yote imeharibika.

Mlezi wa klabu ya mazingira, Kisumu
Kwa Dunga, ufukwe wetu wa Ziwa Victoria, tengenezeni kisahani cha kupimia uangavu wa maji. Kata kifuniko cha ndoo kiwe duara la sentimita 20, kigawe robo nne, paka nyeusi na nyeupe zikipishana. Toboa katikati, pitisha kamba, ning'iniza jiwe chini. Bila uzito plastiki huelea. Piga fundo kila sentimita 10, kamba ikiwa imelowa, maana nailoni hurefuka majini. Teremsha upande wa mashua wenye kivuli. Andika kina kisahani kinapopotea machoni, kisha kinapoonekana tena ukikivuta, uchukue wastani. Rudia karibu na mafunjo, mlinganishe.

Asiingie mtoto majini: konokono wa kichocho wako ukingoni, na viboko pia. Kazi ni mashuani, jaketi za kuokolea zikiwa zimefungwa.

Mama wa Gredi ya 6, Nakuru
Mwalimu, na shule isiyo na ziwa wala nauli?

Mwalimu wa Kilimo, Kakamega
Mama, kipima mvua hakihitaji nauli. Tafuta chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka. Ile yenye kiuno inadanganya, kwa sababu milimita moja ya juu hailingani na ya chini. Kata shingo pale mwili unaponyooka, uigeuze iwe faneli. Kitako kina mabonde, basi tia kokoto na maji hadi pande zinaponyooka: hapo ndipo sifuri. Kiangazi maji hayo hukauka, yajazeni. Kiwekeni mbali na mti au ukuta, angalau mara mbili ya kimo cha mti au ukuta huo.

Kisomwe saa tatu asubuhi kila siku. Rekodi nyingi hufia wikendi, kwa hiyo mpeni zamu mtoto anayeishi karibu na shule. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba. Paa la mita 8 kwa 6 likinyeshewa milimita 20 linapokea lita 960. Watoto waulizeni tangi la shule linatosha mvua ngapi.

Mwanzilishi, Nakuru
Hesabu hiyo itangulie safari ya ziwa. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda miaka ya 2010, magadi yalizimuliwa, mwani unaoliwa na flamingo ukapungua, nao wakahamia kwingine. Aliyezoea kusoma kipima mvua ataielewa habari hiyo haraka. Mkifika, gawanyeni makundi ya watano: wawili wahesabu ndege kila mmoja kivyake, mmoja aandike, mmoja ashike saa, mmoja achore. Hesabu mbili zikitofautiana sana, warudie palepale kabla basi halijaondoka.