Kwasa iko mabilioni ya miaka ya nuru, inawezaje kupanda na kushuka ndani ya saa moja?

MwishoWaReli (Kigoma)
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua naomba wajuzi mnitoe tongotongo. Nilikuwa nasoma habari za kwasa, zile galaksi za mbali zenye shimo jeusi katikati linalokula gesi na kurusha mawimbi ya redio, nikakutana na moja inaitwa PKS 0405-385, wataalamu wa Australia miaka ya 1990 waliikuta nguvu yake inapanda na kushuka kwa muda usiofika hata saa moja. Hapo ndo nimekwama. Si kitu hakiwezi kubadilika chote kwa haraka kuliko nuru inavyokivuka? Sasa saa moja ya nuru haitufikishi hata kwenye Zohali, kidude kidogo hivyo kisikike mpaka huku kwetu kutoka umbali wote huo? Kuna jamaa kaniambia eti inametameta kama nyota tu, mbona redio inapita kwenye mawingu bila shida, au tunapigwa changa la macho?

SautiYaAnga
Mkuu hesabu yako iko sawa na ndo hiyo hiyo iliyowatoa jasho wenyewe. Ukisema kwasa yenyewe ndo inabadilika, joto lake linatoka la ajabu, linapita karibu mara bilioni kile kikomo ambacho kitu cha redio kinaweza kubeba kabla nishati yake haijaishia kwenye eksirei. Kwahiyo yenyewe imetulia, inayocheza ni njia.

Jamaa yako kasema kweli ila siyo hewa yetu. Kati ya nyota na nyota humu kwenye galaksi yetu kuna gesi nyepesi mno, elektroni zake zimeng'oka, kwa wastani unapata elektroni kama 3 kwenye sentimita za ujazo 100. Kwa huku duniani hiyo ni utupu tu, lakini wimbi likikatiza humo mamia ya miaka linapindwa kidogo huku, kidogo kule.

We uko Kigoma hii kwako rahisi, shuka ziwani mchana jua kali penye kina cha magotini, si maji yetu yanaonyesha mpaka kokoto, utaona wavu wa mwanga unatembea juu ya mawe. Jua halijacheza hata kidogo. Sasa sisi ndo kokoto, ule wavu ukitupitia darubini inasoma juu, ukipita penye giza inasoma chini. Alafu angalia siku ya mawingu, wavu haupo, mana mwanga unatoka mbingu nzima siyo sehemu moja ndogo. Ndo mana galaksi pana hazimeti, inameta ile tu yenye kiini chembamba, cha makumi kadhaa ya sehemu za milioni za sekunde ya nyuzi (nyuzi moja ya pembe ina sekunde 3,600). Hakuna darubini moja ya kuona kitu hicho umbo lake, ila kumeta kwake kunakwambia ukubwa.

MwishoWaReli (Kigoma)
Aisee nimekupata mkuu. Ila mtu mbishi atasema hiyo ni stori nzuri tu. Walithibitishaje kama siyo kwasa yenyewe?

SautiYaAnga
Swali zuri. Kama kwasa ndo inapanda, darubini zote duniani zitaiona inapanda pamoja, kama ni wavu unapita basi mmoja ataanza mwingine atafuata. Wakachukua kwasa nyingine, PKS 1257-326, wakaitazama kwa darubini za redio za VLA kule New Mexico, Marekani, na antena za Australia kwa wakati mmoja, ikatokea mruko ule ule ila umechelewa upande mmoja, tofauti ikafika mpaka dakika 8! Nuru inamaliza upana wote wa dunia kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, sasa dakika 8 utaiweka wapi?

La pili ndo mimi linanifurahisha zaidi. Dunia inazunguka jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, kwahiyo kuna miezi tunakwenda njia moja na ile gesi na miezi mingine tunapishana nayo. Kuna kwasa inaitwa J1819+3845, ilikuwa inameta polepole msimu mmoja na mbio msimu mwingine, mwaka unaofuata hivyo hivyo. Kwasa ya mbali kule itajuaje kalenda yetu? Na kufika 2007 ikawa imeacha kabisa kumeta, kipande cha gesi kilishaondoka kwenye mstari wetu.

binti_kasulu
Samahanini kaka zangu, zaidi ya kujua kwamba inameta kuna faida gani?

SautiYaAnga
Dada faida zipo. Tarehe 8 Mei 1997 kulitokea mlipuko wa miale ya gama, redio yake ikaanza kumeta vibaya sana, baada ya wiki chache ikapoa. Kilichotokea ni kwamba moto ulikuwa unatanuka mpaka ukawa mpana mno kumeta, na hapo wakajua unatanuka kwa kasi inayokaribia ya nuru. Nyingine ni pulsa, yale mabaki ya nyota yanayozunguka na kutuma mapigo ya redio. Mwaka 1967 pale Cambridge, Uingereza, mtaalamu wa anga Hewish na wenzake walijenga antena ndogo za fito (dipoli) 2,048 kutafuta kwasa zinazometa kwa sababu ya upepo wa Jua, Jocelyn Bell akiwa mwanafunzi akaona alama inametameta usiku wa manane, saa ambazo upepo wa Jua hautakiwi kusumbua. Ikaja kuwa mapigo ya kila sekunde 1.337. Nobeli ya 1974 wakapewa Hewish na mwenzake Ryle, Bell hakupewa, mimi mpaka leo hilo halijaniingia akilini.

AsaliYaTabora
Hapa mmenigusa. Mimi napima viwanja huku Tabora, huwa tunaacha besi ya GPS inarekodi usiku kucha, na data za mwezi wa tatu na wa nne kuanzia saa mbili usiku zinakatika katika hovyo, vijana wanasema kifaa kibovu. Ndo mambo haya haya?

SautiYaAnga
Mzee ni ndugu yake wa karibu. Yako haifiki kwenye nyota, ni ionosfia, tabaka la juu la hewa yetu lenye elektroni zilizong'oka, kilomita kama 300 juu hapo. Ukanda wetu wa ikweta jua likishazama kunapanda mapovu yenye elektroni chache, yanakaa mpaka karibu saa sita usiku, na miezi ya Machi-Aprili na Septemba-Oktoba ndo yanazidi, hasa miaka ambayo Jua limechachamaa. Usitupe kifaa kwanza. GPS inatuma kwa frikwensi mbili, L1 ya juu na L2 ya chini, angalia kama L2 inakatika kabla ya L1, mana frikwensi ya chini ndo inaumia zaidi, alafu linganisha na data za saa nane usiku kwenda alfajiri.

AsaliYaTabora
Za alfajiri huwa safi kabisa. Ngoja nifungue faili za Aprili niangalie L2, nitaleta mrejesho.