Venice: "samaki wa leo" siku ya Jumatatu, bili euro 162. Huu ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu heshima kwenu. Ngoja nitoe dukuduku, la sivyo litanipasua.

Mimi na shemeji yenu tunaishi Ujerumani. Mwezi wa tano tukapanda treni Munich hadi Venice, maana kila ukifungua simu mtu yuko kwenye gondola, ile mitumbwi yao myembamba, anakwambia usife hujafika. Haya, tumefika. Sasa niwaambie wasiyoyaweka kwenye zile picha.

Pale stesheni tu unakutana na watu wa kukagua. Tangu 2024 mji unatoza kiingilio kwa mtu anayekuja na kuondoka siku hiyohiyo, kwa siku walizozitangaza: euro 5, na 2025 wakaongeza kwamba ukichelewa kulipia ni euro 10. Sisi tulilala Mestre, ambako ni manispaa hiyohiyo ya Venice, kwa hiyo hatudaiwi. Lakini hata asiyedaiwa lazima ajaze fomu mtandaoni apate msimbo wa kuonyesha kwamba hadaiwi! Ukikamatwa huna, faini ni euro 50 hadi 300. Ukitaka kupanda vaporetto, ile boti yao ya abiria, tiketi moja ni euro 9.50 na inakwisha baada ya dakika 75. Gondola ndiyo usiulize. Bei rasmi mchana ni euro 90 kwa nusu saa. Tuliziangalia tukiwa darajani, bure.

Hayo yote niliyameza. Mji ni mzuri, siwezi kudanganya. Kanisa la San Marco ndani limejaa dhahabu mpaka shingo inauma kwa kuangalia juu. Ila jamani, hao watu wana historia! Mwili wa Mtakatifu Marko wafanyabiashara wao waliuchukua kwa ujanja Alexandria mwaka 828, na wenyewe wanasimulia kwamba waliufunika kwa nyama ya nguruwe ili maofisa wa forodha Waislamu wasisogee. Wale farasi wanne wa mbele ya kanisa walibebwa kutoka Constantinople (Istanbul ya leo) mji huo ulipoporwa mwaka 1204 (waliopo nje sasa ni nakala, wenyewe wamefichwa ndani). Wala hawaoni haya, kisa cha Marko wamekichora ukutani kabisa. Sasa watu hao wakuonee huruma wewe kwenye bili?

Tuje kwenye samaki. Ilikuwa Jumatatu, njaa inauma, tukaingia mgahawa mmoja nyuma ya uwanja wa San Marco. Jina silitaji, sitaki kesi. Mhudumu mcheshi, anatuita "marafiki zangu". Menyu hata hatujaimaliza akaja na sinia la barafu, juu yake branzino mzima, jicho linang'aa. "Samaki wa leo, ametoka baharini asubuhi." Shemeji yenu akauliza bei, na nasisitiza, ALIULIZA. Jamaa akaweka kidole kwenye menyu: 9,00. Pembeni yake kuna herufi ndogo kama mayai ya chawa: "all'etto".

Wakuu, etto ni gramu 100. Yaani hiyo euro 9 ni ya kipande cha kutosha paka. Samaki wetu alikuwa kilo 1.3. Hakuna aliyempima mbele yetu, hakuna aliyetutajia uzito. Bili imekuja hivi: samaki 117, viazi na mboga 14, maji 6, coperto 8 (hiyo ni euro 4 kwa kila kichwa kwa sababu ya kukaa kwenye kiti na kuwekewa mkate ambao hatukuuomba), halafu juu ya yote huduma asilimia 12. Jumla euro 162.40. Karibu laki tano za Bongo kwa samaki mmoja na viazi!

Nikagoma. Mcheshi akageuka jiwe. Kiingereza kikamtoka kichwani ghafla, akawa anagonga kidole tu kwenye zile herufi. Nikalipa, nikadai risiti ya mashine, ninayo.

Kilichonichoma zaidi ni kesho yake. Tumepita soko la samaki la Rialto, muuzaji mmoja anatuambia soko hilo Jumapili na Jumatatu halifunguliwi. Sasa yule "wa leo asubuhi" alitokea bahari gani?

Na angalieni kingine: kwenye menyu za Italia, kanyota pembeni ya jina la chakula maana yake kiligandishwa. Maelezo yako chini kabisa ya ukurasa. Menyu ile ilikuwa na nyota kama anga la Dodoma.

Msije kuniambia ni ushamba. Mwaka 2018 wanafunzi wanne wa Kijapani walipigwa bili ya euro 1,100 kwenye mji huohuo, kwa nyama, sahani ya samaki wa kukaanga na maji, mpaka meya akaingilia. Karne ya 19 ushanga wa Venice ulikuwa unashushwa Zanzibar, misafara inaupeleka bara, pembe za ndovu zinarudi. Naona biashara haijabadilika sana.

Kwa haki, tulikula vizuri pia, ila kwa kusimama. Wana vibaa vyao vinaitwa bacaro, vichochoroni ng'ambo ya daraja la Rialto. Unaonyesha kwa kidole, euro mbili tatu kipande: dagaa wakubwa waliolala kwenye vitunguu, siki na zabibu kavu, au baccalà (samaki mkavu) iliyopondwa mpaka ikawa laini, juu ya polenta nyeupe. Polenta ni ugali, tusidanganyane. Hapo hakuna coperto, hakuna sinia la barafu, na kila anayekula anaongea kiveneto.

Sasa naomba msaada. Kuna anayesema nipeleke risiti kwa Guardia di Finanza (polisi wa mambo ya fedha na kodi), namba yao 117, mwingine anasema polisi wa manispaa ndio wanashughulika na bei. Aliyewahi kudai Italia akiwa tayari ameshatoka nchini, alianzia wapi, na alirudishiwa hata senti? Wa "nyie mna hela ya kuchezea" wapite kushoto.