Mama mkwe ana uraia wa Marekani ila kura anazifungia kwenye droo, nimuache?

Mtanga_SF: Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri hasa mlio huku Marekani, mimi nimeolewa San Francisco kwenye familia ya Wachina, kwao Taishan, kusini mwa China. Mama mkwe kapata uraia zamani na karatasi ya kura inaletwa mpaka nyumbani, tena ina Kichina, lakini akiiona tu bahasha anaisukuma kwenye droo ya vijiti vya kulia, juzi natafuta kopo la chai nimekuta nne hazijafunguliwa. Nikimuuliza anasema siasa ni kujitafutia balaa, na huyohuyo ndo anakesha WeChat anamsema meya 😂 Mume anasema muache mama. Mi nina grini kadi tu, roho inaniuma.

fundi saa: Dada nenda naye taratibu, hofu ya wazee wale ina mizizi. Sheria ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina mpaka ikafutwa 1943, sasa moto wa 1906 hapohapo kwenu ukaunguza makaratasi ya vizazi na watu wakaanza kuingia kwa vyeti vya kununua, kwamba mi mtoto wa raia fulani. Ukoo ukishaishi na jina la kununua, utataka serikali ikujue?

Kibibi wa Oakland: Hofu ipo ila wakiguswa wanatoka. Februari 2022 si waling'olewa kwa kura wajumbe watatu wa bodi ya shule hapo SF, na Wachina walikuwa mstari wa mbele kwa hasira za utaratibu wa kuingia sekondari ya Lowell. Anzia shule ya mjukuu, rais mwache kwanza.

mzee wa fomu: USIMJAZIE. Akikuomba msaada msomee, ila chaguo lake na sahihi yake kwenye bahasha.

Neema_k: Na wewe kama una mtoto, SF wazazi wasio raia wanapiga kura ya bodi ya shule, hiyo tu, ilipita 2016. Lakini ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujajiandikisha, ukijichanganya ukapiga ya rais umejimaliza.

Mtanga_SF: Asanteni jamani. Leo tumetoka kumchukua mtoto shule nikamwambia wanachagua bodi, kimya. Tumefika kavua viatu, kaenda kwenye droo mwenyewe katoa ile ya juu, kavaa miwani. Sasa hivi ananiuliza peni ya bluu inakubalika?