MMA Dar: iruhusiwe rasmi au ipigwe marufuku? Na kama iruhusiwe, ukumbi upi?

Mtoto wa Keko
Wadau, habari za jioni. Nataka tulijadili hili bila kuzungushana. Vijana wanaopiga MMA, ule mchezo unaochanganya ngumi, mateke na kukabana chini, hapa mjini wapo na wanaongezeka. Jimu ninayofanyia mazoezi ilikuwa ya mabondia watupu. Leo ukiingia saa kumi na moja jioni unakuta nusu ya watu wako chini kwenye mikeka, wanakabana. Wakitaka pambano wanachomekwa katikati ya ngumi ili kuchangamsha watu kabla ya pambano kubwa. Mwezi uliopita nilikuwa kona ya mwenzangu, na sheria tulielewana na refa palepale, jamaa keshavaa glovu: kiwiko kipo au hakipo? Akasema "tutaona". Tutaona!

Maoni yangu: Baraza la Michezo la Taifa (BMT) iuwekee mchezo huu kanuni zake na kuukabidhi kwa kamisheni ya ngumi za kulipwa, TPBRC. Tusianzishe chama kipya, kwa sababu kitaanza na ugomvi wa uchaguzi kabla hata ya kununua glovu. Ufaransa walifanya hivyo 2020, waliuweka chini ya shirikisho la ngumi, na Septemba 2022 UFC, kampuni kubwa ya mapambano ya MMA, wakaujaza ukumbi wa Bercy pale Paris. Sasa na sisi, pambano la kwanza lenye kanuni lifanyike wapi? Mimi napendekeza Diamond Jubilee.

Dada wa Upanga
Diamond? Hapana jamani. Naishi mtaa wa nyuma yake. Ule ni ukumbi wa harusi, maonyesho na mikutano. Mnataka watu wapigane mateke ndani ya wavu, walevi watoke saa nane usiku wakikojoa kwenye kuta zetu? Kama ni lazima, pelekeni Mbagala huko, wenyewe wamezoea.

Mzee wa Magomeni
Mimi nimependa ngumi tangu ujana wangu. Titus Simba alituletea medali ya fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh 1970, na Yombayomba dhahabu kutoka Kuala Lumpur 1998. Wale walikuwa waungwana. Tulifundishwa mtu akianguka humpigi, unarudi kwenye kona yako unasubiri. Huu mchezo wenu mtu yuko chini, mwenzake kamkalia kifuani anamshindilia. Mwanangu aliwahi kunionyesha lile shindano la kwanza la Marekani, Denver, 1993. Pambano la kwanza kabisa, jamaa wa sumo kaanguka, akapigwa teke la mdomo akiwa bado hajainuka, jino likaruka. Nilizima. Hilo siyo jambo la kuwekewa kibali cha serikali.

Rangi Tatu
Dada wa Upanga, "wamezoea" nini hasa? Maliza sentensi yako. Kelele? Kupigana? Kukojoa ukutani? Mbagala kuna watu wengi kuliko baadhi ya mikoa ya nchi hii, wanaamka saa kumi alfajiri kwenda kuwafanyia kazi nyinyi wa mjini. Usituongelee kama jalala.

Mtoto wa Keko
Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya 1993 sikatai, ilikuwa balaa. Hakukuwa na madaraja ya uzito, mtu mwepesi anaweza kupangiwa mwenye kilo zaidi ya 180. Lakini huo siyo mchezo wa leo. Tangu New Jersey waandike kanuni zao 2000 kuna madaraja ya uzito, raundi za dakika tano, glovu, na daktari pembeni. Kumpiga teke la kichwa mtu aliye chini ni kosa, na kisogoni hairuhusiwi kabisa.

Na kuhusu aliyeanguka, naomba uniruhusu nitofautiane nawe. Bondia akidondoka anahesabiwa. Anainuka kwenye nane, miguu inacheza, refa anamfuta glovu, anarudishwa kupigwa tena kichwa kilekile. Kwenye MMA hakuna kuhesabiwa. Ukishindwa kujikinga, refa anaingia, imekwisha. Ukikabwa, unagonga mkono mara mbili tatu, umetoka salama, kesho uko kazini. Kipi cha kiungwana hapo?

Wakili wa Sinza
Niongeze kidogo upande wa sheria. New York walipiga marufuku MMA ya kulipwa 1997, baada ya seneta John McCain kuiita mapambano ya majogoo ya binadamu na kuwaandikia magavana wote waikatae. Ikakaa hivyo hadi 2016, jimbo la mwisho Marekani kufungua. Kikubwa ni kilichotokea katikati: mapambano hayakuisha. Ya ridhaa yaliendelea kwenye kumbi za pembeni bila msimamizi wa serikali, na hakuna aliyelazimika kupima damu ya wapiganaji. Marufuku iliuondoa usimamizi, mchezo ukabaki. Nasi tunaelekea hukohuko.

Mkazi wa Tandika
Sisi siyo Marekani.

Turudi kwa huyu dada. Harusi za Diamond ndizo hazina walevi? Nimewahi kufanya kazi ya ulinzi pale, najua ninachosema. Wanaokojoa ukutani wengine wamevaa suti.

Dada wa Upanga
Sijasema harusi ni malaika. Nimesema nimechoka. Siku za shughuli siwezi kutoa gari getini kwangu. Juzijuzi nilimpeleka mama yangu hospitali usiku, nikakuta magari matatu yamepaki kwenye mlango wangu, wenyewe wako ndani wanacheza. Nikamtoa kwa miguu, nimemshika kiunoni, hadi barabarani. Mngekuwa nyinyi mngefurahi kuongezewa na watu wa kupigana?

Rangi Tatu
Pole kwa mama. Ila bado hujajibu. Wamezoea nini?

Kaka wa Kawe
Jamani tuache udugu wa mitaa. Vijana wetu wanaweza. Bondia wetu Mwakinyo 2018 alikwenda Manchester hakuna anayemjua, akamlaza yule Muingereza, dunia ikashangaa. Ngannou alikuwa anachimba mchanga Kameruni, akalala nje Paris, 2021 akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa UFC. Usman na Adesanya nao ni wazaliwa wa Nigeria. Kwa nini asiwe mtoto wa Manzese?

Mzee wa Magomeni
Birmingham, siyo Manchester. Sam Eggington, raundi ya pili. Kama tunataja mambo tuyataje sawasawa.

Kaka wa Kawe
Birmingham, sawa mzee. Hoja inabaki palepale.

Mpemba wa Kariakoo
Kwetu Zanzibar ngumi zilifungwa tangu enzi za Mzee Karume, zikaja kufunguliwa 2022. Watu walisema maadili yataharibika. Zikapigwa, bondia Mandonga akaenda, watu wakajaa, asubuhi tukaswali kama kawaida. Kwa hiyo hofu ya Mzee wa Magomeni naiheshimu ila siikubali.

Mkazi wa Tandika
Mandonga usimlete hapa. Yule ndiye aliyewafanya watu waone ngumi ni vichekesho.

Mpemba wa Kariakoo
Vichekesho vipi wakati Januari 2023 alikwenda Nairobi akampiga Wanyonyi kwao? Kabla yake ni mama gani wa nyumbani alikuwa akijua pambano ni lini? Mwacheni mtu aliyeleta watu ukumbini.

Nesi wa zamu
Samahanini, nimesoma tangu mwanzo na nimeshindwa kunyamaza. Mnabishana kuhusu Mbagala na Upanga, naomba niwaambie nilichokiona kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, saa sita na kitu usiku, ililetwa bajaji mlangoni kwetu. Ndani kuna kijana, miaka ishirini hivi, kichwa kimelazwa kwenye mapaja ya mwenzake. Alikuwa ametoka kwenye ngumi, ngumi za kawaida hizihizi mnazoziita za kiungwana. Bado kavaa kaptula yenye jina lake nyuma. Glovu ya kulia ilishavuliwa, ya kushoto bado, plasta imezungushwa kwenye kifundo mara nyingi, imelowa jasho haishikiki. Nilikuwa natafuta mshipa wa kumwekea dripu, mkono wa kulia umegoma, wa kushoto umo ndani ya glovu. Nikaanza kuikata ile plasta kwa mkasi. Nakata huku namwuliza mwenzake: alidondoka saa ngapi? Anasema saa tatu. Aliinuka, akasema yuko sawa, akakaa kwenye kiti akanywa soda, baadaye akaanza kutapika. Promota alikuwa keshaondoka na hela za mlangoni. Gari la wagonjwa halikuwepo. Daktari wa ulingoni, kwa walivyoniambia, alikuwa mtu aliyevaa koti jeupe.

Tukampa rufaa. Sitasema kilichofuata kwa sababu ana wazazi. Ila kutoka saa tatu hadi saa sita ni masaa matatu. Damu inayovuja ndani ya fuvu haisubiri masaa matatu.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, ukumbi unachaguliwa kwa kupima umbali kutoka kwenye siti skani, mashine ya kupiga picha za ubongo, na daktari wa upasuaji wa ubongo. Diamond Jubilee na Muhimbili unatembea kwa miguu, na MOI, taasisi ya mifupa na ubongo, iko ndani palepale. Mchezo ukiwa mwingine wowote ningesema pigieni popote. Na msidhani kanuni pekee zinatosha: Afrika Kusini 2014, shindano la MMA la EFC, lenye utaratibu wake wote, Mkongo Booto Guylain alipigwa KO akafariki siku chache baadaye. Kama huko imetokea, hapa kwenye "tutaona" itakuwaje?

Dereva Mabibo
Nesi, pole na kazi. Lakini bajaji zisionekane ndiyo tatizo. Usiku ule asingekuwepo huyo dereva, kijana angefia kwenye kiti. Mimi nimebeba wajawazito wawili na aliyegongwa na pikipiki, na hakuna hata mmoja niliyemdai hela kwanza. Tuheshimiane.

Nesi wa zamu
Sikukulaumu kaka yangu. Dereva yule aliingia ndani na sisi akashika taa. Nimewalaumu waliouza tiketi bila kulipia gari la wagonjwa.

Mtoto wa Keko
Nesi, umenigusa. Hilo la umbali nilikuwa sijalifikiria, nilitaja Diamond kwa sababu ya viti na taa tu. Naomba liwe la kwanza kwenye kanuni: hakuna gari la wagonjwa mlangoni, hakuna kengele ya kwanza. Gari likiondoka na mtu, mapambano yanasimama hadi lirudi au lije jingine. Na aliyepigwa KO asiruhusiwe kupanda ulingoni wiki kadhaa hadi apimwe, na jina lake lijulikane kwa mapromota wote. Sasa hivi mtu anapigwa KO Manzese, baada ya wiki mbili anapigana Morogoro kwa jina jingine.

Rangi Tatu
Kwa hiyo Nesi naye anasema Mbagala hapana. Naona. Sisi hospitali ya Zakhem tunayo, barabara ya mwendokasi imefika. Mbona tukitaja kitu kizuri kije kwetu kuna sababu kila siku, ila uchafu unakuja bila sababu?

Nesi wa zamu
Ndugu yangu, sijasema uchafu. Nimesema ubongo. Siku Mbagala itakapokuwa na siti skani na daktari wa ubongo zamu ya usiku, mimi nitakuwa wa kwanza kusema pigieni Mbagala. Na hilo la hospitali ndilo la kulipigania hasa.

Mkazi wa Tandika
Uwanja wa Ndani wa Taifa je? Uko Temeke, sehemu ya kupaki ipo, hakuna anayeishi ukutani, na ukipata barabara usiku Muhimbili siyo mbali. Ukumbi wa PTA pale Sabasaba nako ngumi zimepigwa miaka mingi. Mbona hamvitaji?

Mzee wa Magomeni
PTA nimeangalia mapambano mengi. Feni mbovu, ila watu walikuwa watu. Kijana wa Keko, hoja yako ya kuhesabiwa nimeilala nayo. Sijawahi kuifikiria hivyo. Bado kumshindilia mtu aliye chini sikubali, hata refa awepo. Lakini kama mtapiga tu, basi afadhali iwe mbele ya daktari.

Dada wa Upanga
Nimesoma ya Nesi mara mbili. Kama sababu ni Muhimbili, na yakiisha saa nne usiku, na mtu awekwe kuzuia magari kwenye mageti yetu, sitapinga tena. Nimeandika.

Na wewe Rangi Tatu unayeniuliza wamezoea nini: nimezaliwa Mtoni Kijichi. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kibanda cha video, Jumapili wanatoa mabenchi, wanachora duara kwa chokaa. Kaka yangu alikuwa anapigana pale kwa hela ya kula. Mama alikuwa akisikia watu wanashangilia anaingia ndani, anafunga mlango, anafungulia redio. Alizoea. Ndiyo maana yake. Sikutaka kukutukana.

Rangi Tatu
Kijichi upande gani?

Dada wa Upanga
Karibu na misheni.

Rangi Tatu
Nakijua hicho kibanda. Kilivunjwa barabara ilipopanuliwa. Kaka yako anaendeleaje?

Dada wa Upanga
Sikio moja halisikii. Anauza vifaa vya umeme, ana watoto wanne. Mdogo wao anataka kucheza hiyo MMA.

Kaka wa Kawe
Mlete Jumamosi jimu tumwone!

Nesi wa zamu
Kabla ya jimu mpelekeni akapimwe macho na kichwa.

Wakili wa Sinza
Rasimu ya barua kwenda BMT naianza usiku huu. Naweka gari la wagonjwa, umbali wa hospitali, saa nne usiku, na usajili wa aliyepigwa KO. Ukumbi naandika Diamond au Uwanja wa Ndani. Mwenye la kuongeza aseme leo.

Mkazi wa Tandika
Ongeza kiingilio. Mkiweka elfu hamsini sisi wa Tandika tutaangalia kwenye simu.